Maji ya Humber ya Gicheru

Habari za gari lile niulizeni mimi. Fundi alilijua kwa spana, mwenyewe alilijua kwa kujionyesha, lakini mimi ndiye niliyelala nalo ukuta kwa ukuta tangu mwaka uliofuata uhuru mpaka binti yetu akaolewa, na hata baada ya hapo. Humber nyeusi, ndefu, ya kizungu. Nimelichoka gari lile, jamani. Hata leo mtu akisifu gari la zamani mbele yangu, mgongo unaniuma.

Mume wangu ni Sulemani Shariff, mzaliwa wa Majengo ya Nyeri kama mimi. Babu zake walikuja na misafara kutoka pwani, wakaoa huku kwenye baridi, wakabaki. Ndivyo tulivyo wengi wetu hapa mjini. Ukituuliza kabila, tafuta kiti kwanza ukae. Sulemani alianza utanboi, usaidizi wa dereva wa lori, kabla hajaota ndevu, akajifunza kuendesha kwa kuiba kwa macho, na tulipooana tayari alikuwa dereva wa mzungu mmoja huko juu Naro Moru, karibu kabisa na msitu. Watu walimwita Bwana Miwani. Wakati wa hali ya hatari, watu wamefungiwa vijijini, Sulemani alikuwa akipita vizuizi vya askari na Humber hiyo, kofia kichwani, vifungo vinang'aa. Alijivunia kazi ile kupita kiasi. Mimi nilikuwa Majengo na mtoto mgongoni, nikingoja mwisho wa mwezi nimwone.

Bwana Miwani aliondoka baada ya uhuru. Gari akamuuzia Gicheru, mfanyabiashara wa hapa mjini, na Sulemani akaenda pamoja nalo kama gurudumu la akiba. Gicheru akatupa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ploti yake, ubavuni mwa stoo ya gari, akasema, "Sulemani, wewe uko na gari, na gari iko na wewe." Kwa miaka kadhaa akawa anamwendesha hivyo, mpaka Gicheru akanunua pikapu ya Peugeot akajifunza kuendesha mwenyewe. Humber ikasukumwa stoo, ikawekwa juu ya mawe, ikafunikwa maturubai. Sulemani akawa mlinzi, mfagiaji na mpeleka barua. Lakini kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa anafunua turubai na kulipangusa gari lile kwa kitambaa laini, na ole wako umwite wakati huo.

Basi ukaja ule mwaka wa bei kubwa ya kahawa, kila mtu anajenga. Gicheru naye akaanza kuitazama nyumba yetu kwa jicho la maduka. Siku moja akaingia uani, mikono nyuma.

"Mama Waridi, habari ya nyumba? Mzee Sulemani yuko?"

Sulemani akatoka na kanzu yake ya nyumbani.

"Mzee, kijana yangu Kingori anataka kuoa msichana ya Kianyaga," akasema Gicheru. "Lazima nipeleke wazee wakaongee na hao watu. Na hao watu wako na majani chai, wako na kahawa, wako na kiburi. Nikienda kwa wakwe na pikapu ya viazi wataniona nini? Nataka hiyo Humber. Gari kama hiyo hata mkoloni aliheshimu."

"Itatoka, mzee," akasema Sulemani, na uso wake ukawa wa kijana.

"Ngoja nimalize. Ikitembea, wewe ni dereva yangu tena, na hii nyumba ni yako mpaka Mungu akuite. Isipotembea, nauza chuma, nabomoa hapa, najenga. Mimi si mtu mbaya, Mama Waridi. Lakini ploti ni ploti."

Alipoondoka nilikaa kwenye kizingiti. Mimi na Sulemani ni wazee, binti yetu Waridi yuko Kiriaini kwa mumewe na shida zake zinamtosha. Tungekwenda wapi? Sulemani hakuwa na habari na maneno hayo. Alikuwa ameshaingia stoo, namsikia anazungumza na gari.

Fundi tuliyepewa alikuwa Mutahi, mtu mzima, mnung'unikaji, anayefunga suruali kwa kamba na kulalamikia kila kitu kuanzia mvua hadi askofu wake. Lakini kazi alikuwa anaijua. Alitoa kiota cha panya kwenye injini, akaosha tangi, akaleta betri. Siku injini ilipowaka, moshi ukajaa uani, nguo zangu zote kwenye kamba zikawa nyeusi. Nikataka kutukana, lakini nikamwona Sulemani ameegemea mlango wa gari anafuta machozi kwa mkono wa shati. Nikazifua tena.

Tukadhani yamekwisha. Asubuhi yake Sulemani akafungua boneti kuangalia maji kwenye rejeta, akakuta kumekauka. Jana waliijaza mpaka inamwagika, leo ukichungulia ni giza tupu.

"Inavuja," akasema Mutahi. "Kitu imelala miaka hiyo yote, mipira imeoza. Si maajabu."

Akabadilisha mipira ya maji yote. Wakajaza, asubuhi kumekauka. Akafungua pampu ya maji, akatia nyingine aliyoitoa sijui wapi huko Kenol, akanung'unika juu ya safari ya kwenda na juu ya safari ya kurudi. Wakajaza, asubuhi kumekauka. Akaing'oa rejeta yenyewe, akaziba midomo yake, akaizamisha kwenye pipa langu la maji ya mvua na kuipulizia upepo kwa mpira. Sote watatu tukainama juu ya pipa kutafuta povu. Hakukuwa na povu hata moja, ila pipa langu likabaki na kutu na mafuta, na hakuna aliyeniomba radhi.

Kilichowashinda ni sakafu. Ile stoo imepigwa saruji, na chini ya gari palikuwa pakavu. Mutahi akasema basi maji yanaingia ndani ya injini. Akachomoa kijiti cha oili, akaipaka kidoleni, akainusa, akanionyesha na mimi kama vile ninajua. "Oili ikishika maji inakuwa kama maziwa. Hii ni safi." Akafungua hedi, kichwa cha injini, akaangalia gasketi iliyo chini yake, akairudisha. Akang'oa mazulia ya ndani akitafuta hita ya miguu, kwa sababu gari la wazungu lina hita, na hita nayo hupitiwa na maji. Palikuwa pakavu pia.

Halafu likaja lililomkata maini kabisa. Waliwasha injini kutwa nzima, wakaiacha inanguruma pale pale mpaka kichwa kikaniuma, na maji hayakupungua. Asubuhi yake yamekwisha.

"Gari haivuji ikifanya kazi, inavuja ikilala," akasema Mutahi, amekaa juu ya debe, kofia magotini. "Hiyo sijaona. Mama Waridi, nyinyi Waislamu mko na majini. Labda moja iko na kiu."

"Majini yetu yanakunywa marashi," nikamwambia. "Hayanywi kutu. Tafuta ya kwenu."

Akacheka, lakini si sana. Gicheru alikuwa ameshataja Jumamosi ya safari, na mkewe Wachuka ameshaanza kuandaa pombe ya kupeleka kwa wakwe.

Aliyeniumiza roho ni Sulemani. Mzee wa umri ule akawa kutwa chini ya gari, amelala chali juu ya magunia, tochi mdomoni, anapapasa kila bomba kwa vidole. Chakula kinapoa. Nikimwita ananiambia, "Ngoja, Rukaya, nimeikaribia." Usingizini anasema maneno ya gari. Asubuhi anaamka mbele ya adhana, anakwenda kufungua rejeta, na mimi nikiwa kitandani nausikia mfuniko, kisha anasema taratibu, "Yarabi, tena." Nilikuwa nikimsugua mgongo kwa mafuta ya karafuu namwambia apumzike. Anasema atapumzikaje na nyumba inatutoka?

Jioni moja katikati ya wiki hiyo niliteleka maharagwe, nikaswali magharibi upesi upesi, nikatoka nje kuchuma mboga za sukuma. Kwa kawaida saa hiyo mimi niko jikoni sitoki, na Sulemani najua yuko msikitini. Nikasikia maji yanamwagika ndani ya debe, upande wa stoo. Nikasema leo mwizi wa maji nimempata, atanieleza.

Alikuwa mume wangu. Amechuchumaa mbele ya gari, ile kofia yake ya udereva kichwani, mkono umeingia chini ya rejeta. Huko chini kuna koki ndogo ya shaba, ya kufungulia maji. Ameifungua, maji yanatiririka ndani ya debe, na yeye anapiga mluzi. Yalipokwisha akafunga koki, akapangusa mahali palipodondoka tone, akainua debe, akanipita pale nilipo mlangoni bila kushangaa, akaenda akamwagilia sukuma zangu. Kumbe! Na mimi nilikuwa nashukuru Mungu kwamba kiangazi chote kile zimenawiri.

"Baba Waridi," nikamwita. "Unafanya nini?"

"Namwaga maji ya gari."

"Kwa nini unayamwaga?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Leo mawingu hakuna. Barafu itaanguka usiku. Maji yakiganda kwenye injini yanaipasua, na Bwana akikuta injini imepasuka atanifukuza."

Kule Naro Moru, karibu na msitu, ni kweli. Aliwahi kunieleza tukiwa vijana: usiku usio na mawingu majani yanakuwa meupe, na kila dereva wa kule jioni anamwaga maji, asubuhi anajaza upya. Alifanya hivyo kila siku ya Mungu kwa miaka aliyokaa na yule mzungu. Lakini tuko Nyeri mjini, Bwana Miwani alishaondoka zamani hizo, na mimi nimesimama na sukuma mkononi.

"Bwana gani, Baba Waridi?"

"Mama, usinicheleweshe. Nataka kuosha vioo kabla memsabu hajatoka."

Nilimshika mkono nikamwingiza ndani. Akala maharagwe yake, akayasifu, akalala. Asubuhi akaamka yule yule Sulemani ninayemjua, akaenda akafungua rejeta, nikasikia, "Yarabi, tena." Nikavuta shuka nikaliuma. Mwenye kutafuta mahali panapovuja mchana kutwa ndiye huyo huyo anayefungulia jioni, na hajui. Na mimi nilishaona mambo, nisijitie upofu: kuweka chumvi kwenye chai, kumwita Waridi kwa jina la marehemu dada yake Sulemani. Nikawa najiambia ni uchovu wa gari.

Nilimwambia Mutahi, kwa sababu nisingemwambia angeendelea kufungua fungua mpaka siku ya kiama. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza hakulalamika.

"Pole, Mama Waridi," akasema. "Sasa tufanye hivi. Mimi natoa hiyo koki, naweka bolti, nakaza na spana. Maji itakaa. Gicheru atapata gari, nyinyi mtapata nyumba."

"Na yeye?"

"Hiyo mimi siwezi tengeneza."

Akaweka bolti. Jioni Sulemani alikwenda na debe lake na kofia. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango. Akapapasa mahali pa koki, akapapasa tena, akapiga magoti. Halafu akaanza kupekua magunia. Akasema, "Wameitoa. Nani ameitoa? Itapasuka, na mimi ndiye nitakayeulizwa." Nikatoka nikamkumbatia palepale sakafuni, mzima mzima, nikamwambia Bwana Miwani ameandika barua kwamba leo maji yasimwagwe. Nilidanganya. Ilibidi.

Asubuhi alipofungua rejeta na kukuta imejaa hadi mdomoni, alipiga kelele za furaha mpaka Wachuka akachungulia kutoka nyumba kubwa. "Tumeipata! Mutahi, wewe ni fundi!" Na Mutahi akatazama viatu vyake.

Ijumaa wakatoa gari kulijaribu. Nikasema na mimi naingia, na Sulemani akacheka akanifungulia mlango wa nyuma kama memsabu. Nawaambia kweli, aliliendesha gari lile vizuri. Gia zinaingia bila sauti, kona anazikata taratibu, watu barabarani wanasimama kutazama. Nikaanza kujipa moyo. Nikawaza labda kwenye usukani akili yake iko salama, labda Jumamosi itapita, tutaponea hapo, nyumba ni yetu.

Tukafika njia panda, huku Karatina, huku Naro Moru. Sulemani akasimama katikati ya barabara. Si pembeni, katikati.

"Twende upande wa Karatina, mzee," akasema Mutahi, aliyekaa kando yake.

Sulemani akageuka, akanitazama mimi kule nyuma. Macho yake yalikuwa na hofu. "Njia ya nyumbani ni ipi?" akaniuliza.

Lori la mbao lilikuwa linateremka kutoka upande wa Nanyuki, linapiga honi, halipunguzi. Mutahi akauvuta usukani, akapiga kelele, "Kanyaga mafuta!" Mguu wa Sulemani ukatii, gari likaruka pembeni kwenye nyasi, na lori likatupita karibu nihesabu mbao zake. Mutahi ndiye aliyeturudisha.

Usiku huo nilimaliza maneno yote peke yangu. Nikinyamaza, kesho wazee wa watu wanapakiwa nyuma yake kwenye miteremko ya kwenda Kianyaga, na yeye mbele hajui yuko mwaka gani. Nikisema, kazi yake imekwisha, na nyumba inafuata kazi; tunatoka. Nilichoka hata kulia. Nililala nikimsikiliza akikoroma kwa amani, nguo zake za udereva zimepigwa pasi juu ya kiti.

Jumamosi uani kulijaa. Wazee na makoti yao na kofia, Wachuka anapanga vibuyu vya pombe ndani ya buti ya gari na kumwambia Sulemani asiviguse asije akapata dhambi, na Sulemani anajibu, "Mimi nabeba, sinywi. Dhambi ni za abiria." Wote wakacheka. Alikuwa amependeza. Alikuwa amesimama wima kando ya mlango wa dereva, funguo mkononi, na sijamwona na furaha ile tangu nilipokuwa msichana.

Nikatembea mbele ya watu wote, nikauchukua ufunguo mkononi mwake, nikampa Gicheru.

"Gari limepona," nikasema. "Dereva ndiye mgonjwa. Usimpe watu wako."

"Mama Waridi, hiyo ni maneno gani?" akasema Gicheru.

"Muulize Mutahi. Halafu tazama chini ya rejeta mahali palipokuwa na koki, akueleze ilikuwa inafunguliwa na nani."

Mutahi akaeleza kwa sauti ndogo. Sulemani alikuwa anatusikia wote. Siku hiyo akili yake ilikuwa safi, hilo ndilo lililoniua: alisikia kila neno. Akatazama mkono wake mtupu. Akavua kofia. "Rukaya," akasema, "umenifukuza kazi." Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Mutahi ndiye aliyewapeleka Kianyaga, na gari halikupoteza tone. Gicheru hakuwa mtu mbaya, kama alivyosema; alituacha mpaka mvua ndefu zikaisha ndipo akaleta watu wa kubomoa. Siku hizi tunakaa Majengo, chumba kimoja uani kwa mpwa wangu Saumu.

Sulemani amesahau mengi. Waridi akija kutoka Kiriaini anamwamkia kama mgeni na kumuuliza ni binti wa nani. Swala anaianza katikati. Jina la Gicheru limemtoka, Naro Moru imemtoka, na Humber ukimtajia anauliza ni nini. Lakini aingie mtu yeyote mle chumbani, hata muuza maziwa asiyemjua, atamkaribisha vizuri, atamketisha, kisha atanionyesha kwa kidole nikiwa namimina chai.

"Huyu hapa," atasema, "ndiye aliyenifukuza kazi."

Mgeni hunitazama. Namwambia ni kweli, nampa kikombe chake.